Nianze na roboti, au nianze na watoto wenye vipaji?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Ninafundisha fizikia na hisabati kwenye sekondari ya kata mkoani Singida, huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Kila mwaka napata watoto wawili watatu ambao nikimaliza kueleza wao wameshafika mbele, na sijui niwafanye nini. Mwaka jana nilihudhuria mafunzo mafupi ya roboti, na nilipowaonyesha wanafunzi wangu nilichojifunza, darasa zima lilichangamka. Sasa nataka hii iwe kazi yangu ya maisha: kufundisha watoto wenye vipaji kwa kutumia roboti. Nisome nini? Nianzie wapi bila maabara? Na hao watoto niwachague kwa kigezo gani? Mwalimu wa taaluma ameniambia nichukue kumi bora wa kila darasa."

Marahaba, mwalimu. Umeuliza mambo matatu, ila la mwisho ndilo lililobeba mengine, kwa hiyo ngoja nianze nalo. Usichukue kumi bora. Mwalimu wa taaluma hana nia mbaya. Anatumia kipimo alichonacho, na kipimo hicho kinapima jambo la kweli: nani amejifunza yaliyofundishwa na anaweza kuyarudisha kwenye karatasi kwa muda uliopangwa. Unachokitafuta wewe ni kingine. Ukianza na orodha ya kumi bora utapata klabu nzuri ya watoto watiifu, huku yule uliyemtaka amekaa dawati la nyuma anachorachora daftari.

Mwaka 1921 mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Lewis Terman, alianza kukusanya watoto wa California wenye akili nyingi. Akapata zaidi ya 1,500, na utafiti wake ukawafuatilia maisha yao yote. Njia yake haikuwa mbali na ya mwalimu wako wa taaluma: kwa sehemu kubwa aliwaomba walimu wamtajie watoto wao bora, kisha waliotajwa wakapewa mtihani wa akili. Wengi walikuja kuwa watu wazima wenye elimu na kazi nzuri. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyepata Tuzo ya Nobel, ilhali wavulana wawili waliopimwa wakaachwa kwa sababu alama zao hazikufika, William Shockley na Luis Alvarez, waliipata wote wawili, tena kwa fizikia: Shockley mwaka 1956 kwa kazi ya transista (swichi ndogo sana ya umeme), Alvarez mwaka 1968. Wewe ni mwalimu wa fizikia, kaa na hilo kidogo. Kila bodi utakayoishika kwenye klabu yako imejaa transista, na mmoja wa walioshinda Nobel kwa transista ni mtoto ambaye mchujo wa vipaji ulimwacha nje.

Kisa cha karibu zaidi na siku zetu ni cha Broward County, jimbo la Florida. Huko mtoto aliingia kwenye programu ya vipaji pale tu mwalimu au mzazi alipompendekeza apimwe. Katikati ya miaka ya 2000 wakaamua kumpima kila mtoto wa darasa la pili bila kusubiri pendekezo la mtu yeyote. Kigezo cha kuingia hakikulegezwa. Kilichobadilika ni nani aliyepata nafasi ya kupimwa. Idadi ya watoto weusi, watoto wa Kilatino na watoto wa familia maskini waliogunduliwa ikapanda sana. Baadaye fedha zilipopungua na upimaji wa wote ukaachwa, idadi ikashuka tena. Watoto walikuwepo siku zote, macho ya walimu ndiyo hayakuwaona, na wale walikuwa walimu wazuri kama wewe na mimi.

Sisi Tanzania tuna shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, na Tabora zote mbili, ya wavulana na ya wasichana. Ninaziheshimu. Lakini mlango wake ni mtihani wa darasa la saba, na mtihani ule kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu sahihi. Mtoto aliyeugua malaria wiki ile, au aliyekosa nusu ya vipindi vya mwaka kwa sababu analea wadogo zake, au aliyesoma shule yenye walimu watatu, hayuko Ilboru. Yuko kwako. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba watoto wenye vipaji "wameshachukuliwa" na kwamba shule ya kata haina kazi hiyo, usikubali hata kidogo.

Kuna kikwazo kingine, na hiki ni cha kwetu. Mtoto wetu amesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza. Nimeona watoto waliokuwa wakibishana na mwalimu wa darasa la sita mpaka kengele inalia, wanafika sekondari wananyamaza. Mwalimu mpya anaona mtoto mzito. Hajui kwamba mbele yake kuna mtu mwenye mawazo mengi aliyenyang'anywa maneno. Kwenye klabu yako ruhusu Kiswahili bila masharti: kwenye majadiliano, kwenye daftari la kazi, kwenye kutoa ripoti. Kiingereza watakipata darasani na kwenye vitabu. Saa moja na nusu ya klabu waachie wafikiri kwa lugha wanayoiweza.

Kwa hiyo kigezo changu ni hiki: fungua mlango kwa wote, toa kazi ngumu, halafu angalia. Mwezi wa kwanza aje yeyote anayetaka. Wakizidi uwezo wa chumba, wagawe kwa siku, usiwachuje kwa alama. Joseph Renzulli wa Chuo Kikuu cha Connecticut aliandika mwaka 1978 kwamba kipaji kinachozaa kazi ni mahali panapokutana mambo matatu: uwezo ulio juu ya wastani (hakusema wa juu kabisa), ubunifu, na kushikilia kazi mpaka iishe. Mawili ya mwisho huwezi kuyaona kwenye karatasi ya mtihani. Unayaona mtu akiwa kazini.

Na hapo ndipo roboti inapoingia. Wengi wanadhani tunatumia roboti kwa sababu watoto wanazipenda. Wanazipenda, ni kweli, lakini mvuto ule hauishi muhula mzima. Thamani yake ni kwamba inayatoa mawazo ya mtoto nje ya kichwa na kuyaweka sakafuni, mbele ya macho yako na yake.

Chukua zoezi la kwanza kabisa: roboti ya magurudumu mawili itembee mita mbili bila kupinda. Linaonekana dogo. Sasa zile mota za manjano zenye giaboksi ya plastiki, hata ukizinunua mbili siku moja duka moja, ukizipa umeme uleule hazizunguki kwa kasi ileile. Roboti inapinda kushoto. Kundi linatazama, linaona mota ya kulia ina kasi zaidi, linafungua programu na kushusha namba yake, tuseme kutoka 200 hadi 185 katika kipimo cha 0 mpaka 255. Roboti inanyooka, wanashangilia. Wamefanya vizuri, wapongeze. Siku inayofuata betri imepungua na roboti inapinda tena. Makundi mengi yatashusha au kupandisha namba tena, na yataendelea hivyo kila wiki bila kuchoka.

Nilimwona binti mmoja wa kidato cha pili akikataa kugusa namba. Kwenye hisabati alikuwa wa katikati tu, na sijawahi kusikia mtu akimtaja. Alipaka alama ya chokaa kwenye kila gurudumu, akaiinua roboti juu ya kitabu magurudumu yazunguke hewani, akamwomba mwenzake amshikie saa, akahesabu mizunguko ya kila upande kwa sekunde kumi. Akafanya hivyo kwa betri iliyojaa, kisha kwa betri ya jana. Aliandika jedwali, akaliangalia kwa muda, akasema: "Mwalimu, tofauti yenyewe inabadilika, kwa hiyo hakuna namba sahihi. Roboti haijui kama imepinda, sisi ndio tunajua. Ikijua yenyewe, namba haitakuwa na kazi."

Mhandisi anayesoma hapa ameshatambua yule binti alifika wapi. Alifika kwenye mrejesho, yaani chombo kujipima na kujirekebisha, ambao ndio msingi wa taaluma nzima ya udhibiti wa mitambo, kuanzia friji mpaka ndege inayojiendesha. Hakufundishwa. Alibanwa na tatizo, akakataa jibu la kubahatisha, akapima, akaona. Wiki chache baadaye, kwenye zoezi la kufuata mstari mweusi, roboti za wenzake zilikuwa zinayumba kushoto na kulia kwa nguvu zote. Yeye akasema ikitoka kidogo igeuke kidogo, ikitoka sana igeuke sana. Hilo nalo lina jina lake vyuoni na wanafunzi wa uhandisi hulisoma wakiwa watu wazima. Mtihani wa muhula ule ulimpa alama za wastani, kama kawaida.

Hayo ndiyo ya kuangalia, na uyaandike kwenye daftari lako kila kipindi kinapoisha, kabla hujasahau. Nani aliuliza "kwa nini" baada ya kitu kufanya kazi, si pale kiliposhindikana tu? Nani alibadilisha jambo moja kwa wakati ili ajue lipi limeleta matokeo? Nani alibaki na tatizo wenzake wakishaondoka? Nani alitoa wazo ambalo hukulifikiria wewe mwenyewe? Mtoto anayejitokeza mara kwa mara kwenye kurasa hizo ndiye unayemtafuta, awe wa kwanza darasani au wa thelathini. Mara nyingine ni mkorofi. Mara nyingine anasoma kwa shida sana, herufi zinamchanganya, na kila mtu ameshamhesabu kuwa hana akili. Kipaji na ulemavu wa kujifunza hukaa kwa mtoto mmoja mara nyingi kuliko tunavyodhani, na kimoja humficha mwenzake.

Aliyeianzisha njia hii ya kufikiri ni Mwafrika mwenzetu kwa kuzaliwa, Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928 na kufanya kazi zake kubwa Marekani, kwenye chuo cha MIT. Mwaka 1967 yeye na wenzake, akiwemo Cynthia Solomon, walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta ya watoto, na baadaye watoto wakaitumia kuamuru roboti ndogo iliyoitwa kobe itambae sakafuni ikichora. Papert alishikilia kwamba mtoto anayemfundisha kobe anachunguza namna yeye mwenyewe anavyofikiri, na kwamba kosa kwenye programu ni kitu cha kutafuta na kurekebisha, halina aibu. Kwenye shule zetu, ambako kosa kwa miaka mingi limefuatwa na fimbo au kicheko, hilo la pili ni zito kuliko la kwanza. Mtoto mwenye kipaji aliyezoea kupata vema kila siku ndiye anayeogopa kosa zaidi ya wote. Roboti inamkosesha mara nyingi kwa kipindi kimoja bila kumdhalilisha, na hiyo ni tiba kwake.

Umesema unataka kujenga kazi ya maisha "kwa kutumia roboti". Nakushauri uigeuze: jenga kazi yako juu ya mtoto mwenye kipaji, na roboti ibaki chombo chako kikuu kwa sasa. Vyombo hupita. Boksi la LEGO Mindstorms, lililofungua mlango wa roboti za darasani sehemu nyingi za dunia, lilitoka mwaka 1998, na kampuni ikaacha kulitengeneza mwishoni mwa 2022. Mwalimu ambaye ujuzi wake wote ulikuwa kulifahamu boksi lile alirudi mwanzo. Aliyejua kumsoma mtoto akiwa kazini alichukua bodi nyingine akaendelea.

Sasa vifaa. Usisubiri maabara wala mfadhili. Mwaka 2012 mtandao wa roboti wa Afrika uitwao AFRON, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulitangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia ya dola 10. Mmoja wa washindi, Thomas Tilley, alichukua kidhibiti cha mchezo wa PlayStation, kile cha kushika mikononi, akatumia zile mota ndogo zinazokitetemesha kuwa mota za magurudumu, na akaongeza pipi mbili za kijiti ziwe uzito wa kuiweka sawa. Gharama yake ilikuwa dola 8.96. Wasimulie wanafunzi kisa hiki siku ya kwanza, halafu waambie walete kila kilichokufa nyumbani: redio, deki ya DVD, printa, kidhibiti cha gemu. Mota, magurudumu, swichi na nyaya zipo humo.

Vya kununua ni vichache. Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayoweza kuendesha roboti, ilibuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro yake iko wazi kwa yeyote, ndiyo maana bodi za kampuni nyingine zinazofanya kazi ileile zinapatikana Kariakoo kwa bei nafuu. Lenga bodi moja kwa watoto watatu. Wakizidi hapo, mmoja anakuwa mtazamaji. Ongeza kihisi cha mwangwi aina ya HC-SR04 na saketi ya kuendesha mota. Saketi inayopatikana kirahisi zaidi, L298N, inakula takriban volti 2 njiani, kwa hiyo betri nne ndogo za jumla ya volti 6 zinaifikishia mota volti 4 tu. Usiwaambie. Wacha walalamike kwamba roboti ni goigoi, kisha uwape voltimita wapime kipande kwa kipande mpaka wajue volti zimepotelea wapi. Hapo umefundisha somo zima la umeme na hakuna aliyesinzia.

Kihisi cha mwangwi ni zawadi kwa mwalimu wa fizikia. Kinatoa sauti ya 40,000 Hz, ambayo sikio la binadamu halisikii, kinasubiri irudi, na kinaripoti muda. Mwanafunzi anazidisha kwa 340 na kugawa kwa mbili, hesabu ileile ya mwangwi iliyo kwenye kitabu chake. Kinafanya kazi kuanzia sentimita 2 mpaka kama mita 4. Siku moja roboti itasimama vizuri mbele ya ukuta lakini itamgonga mwanafunzi aliyevaa sweta. Wengi watasema kihisi kimeharibika. Mmoja ataenda kutafuta kanga, ubao, mto na karatasi, na kuanza kupima kimoja kimoja. Andika jina lake.

Neno moja la tahadhari, na hili nalisema kwa uzito: betri za lithiamu zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu zinaweza kuwaka moto. Zina volti 3.7 tu lakini zikigusanishwa vibaya, zikitobolewa au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, hazizimiki kirahisi. Mpaka wewe mwenyewe uwe umefundishwa kuzishughulikia, tumia betri za kawaida za redio au zile za nikeli za kuchaji. Na asiwepo mtoto anayechaji chochote chumbani peke yake.

Kompyuta ikiwa moja, usikate tamaa. Scratch, lugha ya kompyuta ya watoto ya kupanga vipande vya amri kwenye skrini, inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka, na ina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake. Programu iandikwe kwanza kwenye daftari, mwenzake aisome na kuitembea sakafuni yeye mwenyewe kama roboti, hatua kwa hatua, akiwa amefumba macho. Ikimpeleka ukutani, inarudi mezani. Kundi linalofika kwenye kompyuta na programu iliyokwisha kutembezwa hivyo halihitaji kukaa nayo muda mrefu.

Na simamia zamu. Bila usimamizi, wavulana watakaa kwenye kompyuta na wasichana wataandika ripoti kwa mwandiko mzuri. Hili nimeliona kila mahali nilipofanya kazi, hata penye walimu wanawake. Weka kazi tatu, mjenzi, mwandishi wa programu na mpimaji, na kengele ikilia wote wabadilishane, bila mjadala. Yule binti wa magurudumu ya chokaa alikuwa mpimaji siku ile kwa sababu ya zamu tu.

Ukishawaona watoto wako, kosa la kwanza la kuepuka ni kuwaongezea yaleyale. Mtoto aliyemaliza maswali kumi akapewa mengine ishirini ya aina ileile amejifunza kwamba kumaliza mapema kunaadhibiwa, na wiki ijayo atajivuta. La pili ni kumgeuza mwalimu msaidizi kila kipindi. Akiwasaidia wenzake mara mojamoja ni vizuri, lakini naye amekuja shule kujifunza. Fanya hivi: kabla ya kuanza mada, mpe jaribio la mwisho wa mada. Akionyesha anaijua, vipindi vile ni vyake, na umpe tatizo halisi linalohitaji hisabati ambayo bado hajafundishwa. Mtoto wa kidato cha pili anayetaka roboti igeuke nyuzi 37 kamili atakuomba hesabu za duara mwenyewe. Mpe kitabu cha juu na umkague Ijumaa. Kumrusha darasa zima ni uamuzi wa shule na wazazi na una taratibu zake, lakini kumsogeza mbele katika somo moja ndani ya darasa lako hakuhitaji kibali cha mtu.

Kuhusu kusoma. Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha ni kituo chetu cha elimu maalumu, na kule Lushoto Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa kimewahi kufundisha walimu wa elimu maalumu kwa ngazi ya shahada. Mkazo mkubwa kwenye fani hiyo hapa kwetu ni watoto wenye ulemavu. Usidharau mafunzo hayo: kumchunguza mtoto mmoja mmoja na kumwandalia mpango wake binafsi ni ufundi uleule, na utakukinga usimkose yule mwenye kipaji asiyeweza kusoma vizuri. Kenya wametangulia kwa hatua moja kimaandishi. Sera yao ya elimu maalumu ya 2009 iliwataja wenye vipawa na vipaji kati ya makundi yanayohitaji huduma maalumu, na taasisi yao ya KISE mjini Nairobi imekuwa ikifundisha walimu wa elimu maalumu tangu 1986. Ukifika ngazi ya uzamili na ukapata ufadhili, Connecticut kwa akina Renzulli wana shahada kamili ya fani hii, na tangu 1978 wana kongamano la walimu la kila kiangazi.

Lakini usisubiri cheti ndipo uanze. Fungu la ushahidi wako ndilo litakalofungua milango: madaftari ya watoto yenye tarehe, picha za kazi (za watoto uwe na ruhusa ya wazazi kwa maandishi), na utafiti-tendaji (uchunguzi wa mwalimu ndani ya darasa lake mwenyewe) mmoja wa kila mwaka wenye swali dogo ulilolijibu kwa uaminifu. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta mkondo wa amali kwenye sekondari, na nchi itahitaji watu wanaojua kufundisha kwa mikono na kichwa kwa pamoja. Ukiwa na madaftari ya miaka minne, unaweza kwenda kuwa mkufunzi chuo cha ualimu, kuandaa vifaa vya kufundishia, kufundisha walimu wa halmashauri yako, au kubaki darasani ukiwa mtu anayetafutwa. Kubaki darasani nako ni kupanda. Kuhusu mshahara nikuambie wazi: klabu haitaupandisha mwezi ujao, wala mwakani. Kama mwenzi wako wa nyumbani anajua hilo tangu mwanzo, mtaelewana.

Mashindano yatakuja, na mkuu wa shule atayapenda. Young Scientists Tanzania wamekuwa na maonyesho yao ya kazi za sayansi za wanafunzi tangu 2012, na FIRST Global, mashindano ya roboti yanayoalika timu moja kutoka kila nchi, yalianza mwaka 2017 mjini Washington. Wapeleke watoto, kwa sababu kukutana na wenzao wanaofikiri kama wao ni jambo ambalo mtoto mpweke wa kijijini hatalisahau. Lakini kazi iwe yao. Nimewahi kuona roboti iliyopata zawadi ambayo hakuna mtoto wa timu ile aliyeweza kueleza kwa nini inageuka. Mwalimu alikuwa ameijenga usiku. Watoto wale walipewa kikombe na wakanyang'anywa kitu kikubwa zaidi, na walijua. Kabla ya kusafiri, mtake kila mwanafunzi abomoe sehemu moja ya roboti na kuirudisha mbele yako akieleza. Asiyeweza, safari isubiri mpaka aweze.

Kwa wiki hii fanya mambo mawili. Mwombe mkuu wa shule chumba kimoja chenye kufuli na siku moja ya wiki baada ya vipindi, kwa maandishi, na uandike kwamba klabu iko wazi kwa kidato cha kwanza mpaka cha tatu bila kigezo cha alama. Sababu atakazokuuliza umeshazipata hapo juu. Pili, kaa na mwalimu wa taaluma, mwombe ile orodha ya kumi bora, uitunze. Mwisho wa muhula wa pili iweke kando ya majina yaliyo kwenye daftari lako, na mwisome pamoja. Atakuwa msaada mkubwa kwako kuliko mtu mwingine yeyote shuleni hapo, kwa sababu ratiba yote iko mikononi mwake.

Ukishapata jibu la mkuu, niandikie chumba kina umeme au hakina, kompyuta ziko ngapi na watoto wangapi wamejitokeza. Nitakuandalia mazoezi ya muhula wa kwanza kwa kufuata vifaa ulivyonavyo.